Kusafirisha kayaki huku unavuta kempa ya fifwili: mwongozo wa hatua kwa hatua

Anayevuta kempa ya kawaida, yaani nyumba ya kuvutwa na gari, ile inayoungwa nyuma ya gari kwenye mpira wa chuma, hana shida kubwa ya kayaki. Bodi la pikapu yake, sehemu ya kubebea mizigo, liko wazi na juu ya kabini hakuna kitu. Anafunga keria, anapanga boti zake mbili, anaondoka. Mwenye fifwili, kempa inayoungwa juu ya bodi lenyewe, hana bahati hiyo. Shingo ya kempa yake inapanda juu ya bodi, kingpini, pini nene ya chuma iliyo chini ya shingo hiyo, inakaa kwenye sahani iliyofungwa juu ya ekseli ya nyuma kama kwenye semi za mizigo, na pua ya kempa inaning'inia kisogoni mwa kabini. Kila mahali ambapo kayaki ingelala kwa raha pameshachukuliwa.

Mwongozo huu nawaandikia mlioko Marekani na Kanada, ambako kempa za namna hii ndiko zinakotengenezwa na kutumika zaidi. Msimamo wangu ni mmoja: pima gari na kempa kwanza, halafu ndipo uchague kayaki. Wengi huanzia dukani, wakatoka na kayaki ya mita nne na nusu iliyokuwa kwenye ofa, kisha wakahangaika kutafuta keria ya kuibeba. Keria hiyo mara nyingi haipo.

Hatua ya 1: Jua pua ya kempa inafika wapi

Hii ndiyo hatua ya kuipa muda, na ndiyo inayorukwa.

Kempa nyingi za fifwili zina upana wa kati ya mita 2.4 na 2.6. Kwa hiyo kutoka kwenye kingpini hadi ubavuni mwa kempa ni kama mita 1.2 hadi 1.3. Sasa pima kutoka katikati ya sahani hadi ukuta wa nyuma wa kabini. Kwenye pikapu yenye bodi refu la futi 8 utapata zaidi kidogo ya mita 1.3. Kwenye bodi la futi sita na nusu unapata kama mita 1 tu. Fanya hesabu: ukikunja kona hadi kempa ikae pembe mraba na gari, ubavu wake unataka mita 1.2 na wewe una mita 1. Ndiyo maana watengenezaji hukata kona za pua, na ndiyo maana wenye mabodi mafupi hununua sahani inayoteleza kurudi nyuma wakati wa kona kali.

Hapo bado hujaweka kayaki. Paa la pikapu kubwa liko kama mita 2 kutoka ardhini, na pua ya kempa inaanzia chini ya hapo na kupanda hadi karibu mita 4. Kayaki iliyolala juu ya kabini iko usawa uleule na ukuta wa mbele wa kempa. Kila sentimita inayochomoza nyuma ya kabini imo ndani ya duara ambalo pua hiyo inazunguka.

Kupima, nenda kwenye uwanja mpana usio na magari, wa kanisa au wa duka kubwa asubuhi na mapema. Kunja usukani polepole upande mmoja, mwenzako akiwa amesimama pembeni anaangalia, hadi upate kona kali kuliko utakayowahi kuhitaji. Simama, vuta breki ya mkono, shuka na futi kamba upime nafasi kati ya kabini na pua ya kempa. Rudia upande wa pili. Kisha tafuta mahali penye bonde dogo, kama mdomo wa kituo cha mafuta ambapo barabara inashuka na kupanda, kwa sababu gari likiinua pua na kempa ikashusha pua yake, nafasi iliyo juu ya kabini hupungua hata ukiwa umenyooka. Andika namba ndogo kuliko zote, ondoa sentimita 15 za usalama. Kilichobaki ndicho chako. Kwa wenye mabodi mafupi jibu huwa sifuri, na kujua hivyo ni faida.

Hatua ya 2: Jua uzito uliobaki

Fungua mlango wa dereva. Kwenye fremu yake kuna kibandiko kinachotaja uzito wa juu wa watu na mizigo kwa pamoja. Namba hiyo ndiyo mkubwa wa kikao, si namba ya tangazo inayosema gari linaweza kuvuta tani ngapi.

Fifwili huegemeza juu ya pikapu kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wake. Tuchukue kempa iliyopakiwa yenye kilo 5,000, na tuseme asilimia 20: kilo 1,000 ziko kwenye kingpini. Sahani yenyewe kilo 80. Baba, mama na watoto wawili, kilo 280. Jumla 1,360. Ikiwa kibandiko chako kinasema 1,450, umebakiwa na kilo 90. Kayaki mbili za plastiki za kilo 25 kila moja, pamoja na keria na nguzo za kilo 35, ni kilo 85. Mbwa abaki nyumbani.

Pikapu za daraja la chini, zile wanazoziita nusu tani, mara nyingi hazifikii hata hiyo kilo 1,000 ya kwanza. Mwenye gari hilo na kempa ya ukubwa huo ana tatizo kubwa kuliko kayaki.

Usikisie. Vituo vya malori kote Marekani vina mizani za CAT, na waliowahi kuendesha semi wanazijua vizuri. Panda na gari, kempa, familia na maji kwenye tangi. Karatasi utakayopewa inaonyesha ekseli ya mbele, ya nyuma, na za kempa, kila moja peke yake. Soma pia kitabu cha gari uone paa linaruhusiwa kubeba kilo ngapi, maana paa lina kikomo chake tofauti na cha gari zima.

Hatua ya 3: Chagua mahali pa kuziweka

Juu ya kabini na boneti. Kwa kayaki ngumu, hapa ndipo ninapopapendelea. Kwenye pikapu yenye milango minne, kutoka kisogo cha kabini hadi bampa ya mbele ni kama mita 4. Kayaki ya burudani ina mita 3 hadi 3.7. Inaenea pale bila kuchomoza nyuma hata kidole. Kinachotakiwa ni keria ya paa karibu na nyuma ya kabini, na nguzo yenye umbo la herufi T inayosimama mbele ya gari kwenye soketi iliyofungwa kwa bolti kwenye chasisi. Soketi za mbele zinauzwa kwa pikapu nyingi, na mara nyingi hufungwa bila kuchomelea.

Kuna mambo mawili ambayo muuzaji hatakwambia. Kwanza, kabini imekalia raba na chasisi inajipinda, kwa hiyo nguzo ya mbele na keria ya paa hazichezi pamoja. Ukiikaza kayaki kama ubao pande zote mbili, kitu kitapasuka: ama keria, ama plastiki. Ikaze kwenye keria ya paa. Kwenye nguzo ya mbele ifunge isiruke wala kwenda pembeni, lakini iweze kuteleza kidogo juu ya sponji. Pili, kaa kwenye kiti cha dereva kabla ya kutoboa tundu lolote na umwambie mtu ashike kayaki mahali pake. Tumbo la kayaki lisikuzuie kuona taa za barabarani ukiwa umesimama wa kwanza kwenye makutano. Kama linazuia, refusha nguzo au beba kayaki moja badala ya mbili. Magari ya siku hizi yana kamera nyuma ya kioo cha mbele inayosaidia breki. Hakikisha mkanda au omo, yaani ncha ya mbele ya kayaki, haukai mbele ya jicho lake.

Ikichomoza mbele ya bampa, angalia sheria za majimbo utakayopita. Mengi huweka mpaka kwenye futi 3, yaani sentimita 90.

Ndani ya kempa. Watu hulidharau wazo hili, lakini kwa kayaki moja au mbili ni salama kuliko mengi. Vyumba vya kempa vinavyochomoka pembeni vikiwa vimefungwa, hubaki ushoroba katikati. Tandika blanketi kuukuu, ingiza kayaki kwa mlangoni, au kwa dirisha la nyuma kama linafunguka vya kutosha, ilaze katikati ya ekseli iwezekanavyo, halafu ifunge isitembee mbele ukipiga breki. Karaha yake ni kwamba njiani hufiki chooni wala kwenye friji, na kayaki yenye maji inaacha unyevu na ukungu kwenye zulia. Ikaushe kwanza. Wenye kempa zenye gereji nyuma, zile zilizotengenezwa kwa kubebea pikipiki, wasome sehemu hii kwa tabasamu, kisha waruke hadi hatua ya 4.

Kayaki za kukunja na za upepo. Kama bado hujanunua, anza hapa. Kayaki za kukunja kama za kampuni ya Oru hutengenezwa kwa karatasi ngumu ya plastiki inayokunjwa ikawa boksi la kubeba begani, nyingi zikiwa na kilo 9 hadi 15. Za kujazwa upepo ni nzito kidogo lakini zinaingia kwenye stoo ya chini ya kempa. Hazina kasi ya kayaki ngumu, na zile za bei rahisi husukumwa na upepo ziwani kama mfuko wa rambo. Lakini zinafuta nusu ya hatua za mwongozo huu, na kwa familia inayopiga kafi mara chache kwa mwaka sioni sababu ya kujitesa.

Nyuma ya kempa. Hapa ndipo ajali nyingi zinapopikwa. Bampa ya nyuma ya kempa nyingi ni bomba la mraba la bati jembamba. Kazi yake ni kuhifadhi bomba la mpira la kumwagia maji machafu. Usilitundikie kayaki, hata kama dukani kuna klampu zinazolingana nalo kabisa. Ngazi ya nyuma nayo imeshikwa na skrubu kwenye ukuta mwembamba. Ni ya mtu kupanda kempa ikiwa imesimama, basi.

Kinachokubalika ni soketi iliyochomelewa kwenye chasisi yenyewe, na mtengenezaji wa kempa awe ameruhusu kwa maandishi, la sivyo unaweza kupoteza dhamana. Hata hapo, piga hesabu ya wenzo. Kilo 75 za kayaki na keria, zikiwa mita 4.5 nyuma ya katikati ya ekseli kwenye kempa ambayo kingpini iko mita 6 mbele ya ekseli hizo, huinua kingpini kwa kilo 56. Ekseli za kempa zinabeba kilo 131, si 75. Na mkia wa kempa hurushwa na kila shimo kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa hiyo chuma kinachoonekana kinatosha uani kinachoka barabarani.

Wanaotumia njia hii husimamisha kayaki wima. Keria ikianzia nusu mita kutoka ardhini na kayaki ikiwa na mita 3.3, ncha iko mita 3.8 juu. Ilinganishe na paa la kempa kabla ya kufurahi. Namba ya gari, taa za breki na kamera ya nyuma zisifunikwe.

Juu ya paa la kempa. Hapana. Paa ni utando wa raba au plastiki unaochanika, liko karibu mita 4 juu, na utapandisha mzigo wa kilo 25 kwa ngazi niliyoitaja hapo juu.

Kuunga tela dogo la kayaki nyuma ya fifwili ni halali katika baadhi ya majimbo, hasa ya kati na magharibi, na ni kosa katika mengine mengi. Hata panaporuhusiwa huwezi kurudi rivasi kwa heshima. Mwenye gari la pili na mwenza wa kuliendesha ameshamaliza tatizo.

Hatua ya 4: Kufunga

Tumia mikanda yenye kifungo cha kubana kwa mkono, upana wa kama sentimita 2.5. Mikanda ya racheti ina nguvu nyingi mno kwa plastiki: unakaza mara mbili zaidi, asubuhi tumbo limebonyea, na kayaki iliyobonyea haiendi sawa majini. Weka mikanda miwili kwa kila kayaki, ikipita juu ya sehemu ngumu, si katikati ya tundu la kukalia.

Kisha omo na tezi, yaani ncha ya mbele na ya nyuma. Hapa ndipo fifwili inaleta ugumu, kwa sababu nyuma huna mahali pa kushusha kamba ya tezi. Kempa iko hapo. Ishushie kwenye vikuku vya mbele vya bodi, vile vya kufungia mizigo, pembe mbili, karibu kabisa na kabini, na uhakikishe kamba haipiti njia ya pua uliyoipima. Kamba ya omo iende kwenye nguzo ya mbele au kwenye ndoano za chasisi, kamwe isifungwe kwenye plastiki ya grili. Usitumie kamba za mpira zinazovutika. Kayaki ikishikwa na upepo zinavutika nayo.

Upe mkanda msokoto mmoja au miwili unapopita hewani, la sivyo utaimba hadi mwisho wa safari. Ncha zinazobaki zifungie. Kwenye kayaki ya kukalia ndani, funika tundu, maana mvua ikijaa mle umeongeza mzigo ambao hukuuhesabu. Makafi na jaketi okozi viende ndani ya kempa.

Chochote kinachochomoza nyuma zaidi ya futi 4, yaani mita 1.2, weka kitambaa chekundu cha mraba wa inchi 18, na taa usiku.

Simama baada ya kilomita 30 hivi za kwanza na ukaze upya. Kisha kila unapojaza mafuta, zunguka.

Hatua ya 5: Juu na pembeni

Pima urefu wa kitu cha juu kuliko vyote, iwe ni kiyoyozi cha kempa au ncha ya kayaki, na uandike kwa futi na inchi kwenye karatasi utakayobandika mbele ya usukani, kwa sababu vibao vya barabarani vimeandikwa hivyo. Fifwili nyingi zina kati ya futi 12 na nusu na 13 na nusu. Barabara kuu za kitaifa hazitakusumbua. Zile ndogo za mijini ndizo hatari. Daraja la reli la mtaa wa Gregson huko Durham, North Carolina, lilipata jina la kifungua kopo kwa kukwangua mapaa ya malori likiwa na futi 11 na inchi 8. Mwaka 2019 likainuliwa hadi futi 12 na inchi 4. Bado fifwili yako haipiti. Barabara za jimbo la New York ziitwazo parkway zina madaraja ya chini vilevile na haziruhusu matela. Tumia ramani ya kempa uliyoiingizia urefu wako, si ile ya simu ya kawaida.

Upepo wa ubavuni hushika kempa kwanza, na kayaki iliyosimama wima huongeza tanga. Kwenye daraja la Mackinac, Michigan, wasimamizi huwapunguzia mwendo wenye magari ya kimo kirefu upepo ukichachamaa, na ukizidi huwasindikiza au kuwasimamisha. Wakikwambia subiri, subiri.

Na kwa kuwa tumefika Michigan: kama lengo lako ni kuvuka daraja hilo kwenda kupiga kafi chini ya majabali ya Pictured Rocks, kayaki fupi iliyoenea vizuri juu ya boneti haifai kule. Ziwa Superior ni baridi na mawimbi yake hubadilika haraka. Panahitaji kayaki ndefu ya baharini yenye kifuniko cha tundu. Kodi hapo hapo Munising pamoja na kiongozi, na safari hiyo uvute kempa bila kayaki. Kubeba kayaki si lazima kila mara.

Hatua ya 6: Vituo vya ukaguzi

Vituo vya kukagua boti huwashangaza wanaofika majimbo ya magharibi kwa mara ya kwanza. Sababu yake ni kome, viumbe wadogo wa majini wenye gamba. Kome wa zebra walionekana kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini mwaka 1988, na mwaka 2007 binamu zao, kome wa quagga, wakapatikana Lake Mead, kwenye mpaka wa Nevada na Arizona. Huziba mabomba ya maji na mitambo ya umeme na kubadilisha ziwa zima. Septemba 2023 quagga walipatikana mto Snake karibu na Twin Falls, Idaho, na serikali ya jimbo ikatia dawa kwenye mto.

Kwa hiyo majimbo kama Montana na Idaho huweka vituo kando ya barabara, na ukiwa na kayaki unatakiwa kuingia, hata kama ni moja, hata kama haijaguswa na maji mwaka huu. Ukivuta kempa ya mita 10, jiandae mapema kuhama njia. Idaho pia inataka kibandiko cha kulipia kwa kayaki, isipokuwa za upepo zilizo chini ya futi 10. Yellowstone ina kibali na ukaguzi wake.

Ukaguzi huwa mfupi ukiwa umesafisha, umemwaga maji yote na umekausha kabla ya kuondoka ziwa la mwisho. Kayaki za upepo ndizo zinazochelewesha watu: mikunjo yake hushika maji, na vitoto vya kome havionekani kwa macho. Zitandaze juani siku nzima kabla ya kuzikunja. Weka kayaki mahali mkaguzi anapofikia bila ngazi, au uwe tayari kuishusha mwenyewe.

Hatua ya 7: Ukifika

Egesha na unyooshe kempa kabla ya kushusha kayaki, ukikumbuka kwamba kona kali kuliko zote za safari huwa ni ile ya kuingia kwenye kiwanja cha kambi kwa rivasi, ukiwa umechoka na majirani wanatazama. Mtu mmoja asimame ubavuni mwa pikapu akiangalia nafasi kati ya tezi na pua tu. Wa kuangalia miti nyuma awe mwingine.

Ukiamua kuziacha kayaki juu usiku, au siku mbili tatu kabla ya kuzitumia, legeza mikanda hadi iwe inashika bila kubana. Plastiki ya polithini hulainika kwenye jua la Julai, na mkanda uliokazwa kwa ajili ya barabara huacha bonde tumboni mchana mmoja tu. Ikishabonyea, igeuze tumbo juu, iache juani bila mzigo; mara nyingi hurudi yenyewe. Asubuhi ya kuondoka anza na mikanda upya kana kwamba hujawahi kuifunga, kwa sababu usiku uliilegeza na hutakumbuka.